Kipandio cha Tisa

Jumapili, 3 Machi

Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo, mvua bado.

Nimekwenda kwa Kaka kama kila Jumapili, kumfulia Baba mashuka. Chumba cha Baba kiko chini, mlango wake unatazamana na ngazi; kamba za kuanikia ziko juu kwenye roshani. Ngazi ni ya mbao, na Baba mwenyewe ndiye aliyeitengeneza miaka mitatu iliyopita, siku ambazo macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. Ndiyo kazi yake ya mwisho baada ya miaka arobaini na mmoja ya useremala. Ina vipandio kumi na viwili. Cha tisa kinacheza: ukikanyaga ukingo wake kinainama mbele kama mtu anayesinzia. Sote tunakiruka, Kaka, Wifi, watoto wao na mimi. Hakuna aliyewahi kumwambia Baba. Hatukukaa kikao tukakubaliana. Ilitokea tu, kama watu wanavyojikuta wameshusha sauti kwenye chumba cha mgonjwa.

Usingizi: saa nne usiku. (Mstari huu huujaza kesho yake asubuhi, ili usiwe wa kubahatisha.)

Jumatano, 6 Machi

Jua kali, vumbi. Nimesuka vichwa vitano, kimoja cha mtoto aliyelia toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Redio akamwambia mama yake, "Huyu msimpeleke shule, mpelekeni kwaya." Redio ni mwenzangu hapa saluni. Anaanza kuongea tunapofungua mlango, anamaliza tunapofunga.

Usingizi: saa nne.

Jumapili, 10 Machi

Matone machache alfajiri, kisha yakaacha. Joto la kunata.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, miguuni pa ngazi. Nilipoteremka na beseni tupu akaniita.

"Fundi."

Ananiita hivyo tangu siku niliposuka kichwa cha kwanza kwa malipo.

"Abee, Baba."

"Umepanda vipandio kumi na kimoja. Umeshuka kumi na kimoja."

Nikasimama na beseni langu.

"Mimi nilitengeneza kumi na viwili," akasema. "Au hesabu nayo imenitoka?"

"Masikio yamechoka tu, Baba. Ni kumi na viwili."

"Haya," akasema. Nilipokuwa nimeshafika jikoni nikamsikia tena, peke yake: "Haya."

Nikamsimulia Kaka. Akaweka kikombe chini. "Umejibu vizuri. Mzee akijua kazi yake ya mwisho ni mbovu, hatakaa mwaka." Wifi alikuwa anasugua sufuria. Alisugua kwa nguvu zaidi. Ana roho ngumu wifi yangu. Hata uso wa huruma hana.

Usingizi: saa tano kasoro robo.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Mkono wa kushoto huu. Wa kulia umevunjika. Nimechoka.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Herufi zangu kama za mtoto.

Jumatano, 27 Machi

Mvua usiku kucha. Redio kaja na mkate, akanichana nywele na kunisuka. Msusi kusukwa!

Jumamosi, 30 Machi

Mvua ya asubuhi, jua la mchana. Nimeanza saa tatu kuandika ukurasa huu, nikipumzika kila baada ya mistari mitano. Nataka uwepo.

Jumapili ya tarehe 17 mvua ya kwanza ilitukuta na mashuka kambani. Nikakimbilia juu, nikayaanua yote manne, nikayakumbatia kifuani. Nilipoanza kushuka nikamsikia Baba kule chini anahesabu kwa sauti ndogo, kama anayesali. Moja. Mbili. Tatu. Kutoka juu, kipandio cha tisa ndicho cha nne.

Nilikuwa na nafasi ya kukiruka. Mguu wenyewe ulishaanza kunyanyuka, kwa mazoea. Lakini nilikumbuka ile "haya" yake ya wiki iliyopita, na nikawaza: leo asikie kumi na viwili. Kwa hiyo nikakikanyaga, polepole, upande wa ukutani, nikidhani nitakibembeleza.

Kiling'oka upande mmoja. Sauti ya Baba iliishia kwenye "nne."

Alinifikia kabla ya watu wenye macho. Alitambaa akipapasa, akapata goti langu, akapanda nalo hadi begani. "Fundi, wapi? Niambie wapi." Sikuweza kumwambia. Mkono wa kulia ulikuwa chini yangu na ulikuwa unatazama upande usio wake.

Kaka alimwambia Baba kuwa nimeteleza kwa maji ya mvua. Kipandio akakirudisha mahali pake kwa kiganja, bila nyundo.

Kila aliyeniuliza nimemjibu kwamba nilisahau. Sikusahau.

Usingizi: saa nane.

Alhamisi, 4 Aprili

Mawingu. Hospitali toka saa moja hadi saa nane.

Daktari wa mifupa anasema kifundo cha mkono kitaunga. Shida ni kidole gumba: kano yake imekatika. Aliniambia nishike kalamu, ikaanguka. Akaniambia niibane karatasi, ikaanguka. "Kano ni kama mpira uliovutwa," akasema. "Ikikatika inajikunja. Ndani ya wiki nane toka siku ya kuumia naweza kuivuta na kuishona. Baada ya hapo, siwezi kukuahidi kitu." Nimehesabu kwenye kalenda: Jumapili, 12 Mei.

Upasuaji huo unalipiwa kabla. Sina. Kaka naye mshahara wake wa ghalani unakwenda kwenye mkopo wa nyumba.

Msusi hutenga nywele kwa kidole gumba na cha shahada. Hakuna vidole vingine vinavyofanya kazi hiyo. Nimejaribu vyote leo.

Usingizi: saa tisa.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa, maji yameingia hadi mlangoni pa saluni.

Mteja wangu wa miaka sita, wakili, alikuja kusukwa. Redio alimsuka, mimi nikampa nywele kwa mkono wa kushoto, uzi kwa uzi. Wakili aliinamisha kichwa, kwa hiyo mashauri yote aliyazungumza na magoti yake.

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Alijua ngazi ni mbovu?"

"Sote tulijua."

"Basi una njia tatu. Ya kwanza, mkae kama ndugu, mkubaliane, na muandikiane. Yasibaki maneno matupu. Ya pili, hiyo nyumba ni ya mkopo?"

"Ya mkopo."

"Benki haitoi mkopo wa nyumba bila bima. Bima nyingine hulipia na mgeni anayeumia ndani. Kaka yako anailipia kila mwezi bila kujua imeandikwa nini. Ya tatu ni mahakama, nayo ina muda wake, ukiulalia umepita. Wakati mwingine jina la ndugu ndilo linaloandikwa kwenye madai, lakini anayelipa ni bima."

"Kumbe nyumba ina bima na kidole hakina!" Redio akasema.

"Sitaki kumshtaki kaka yangu," nikasema.

"Sijakwambia umchukie. Nakwambia muandike. Akikiri kwamba alijua, bima inaweza kutanguliza gharama za hospitali ndani ya siku chache." Akageuza kichwa kidogo, Redio akamrudisha. "Lakini na wewe ulijua. Kwa nini ulikikanyaga?"

"Nilisahau."

"Watakuuliza tena. Jibu hilo lina mguu mmoja. Kuna kitu chochote kilichoandikwa kabla ya siku ile?"

"Huyu?" Redio akacheka. "Huyu anaandika mpaka saa anayolala!"

Wakili akasema nimletee daftari. Nikasema nitaona. Kwenye daftari hili mna swali la Baba na jibu langu. Karatasi ikishaingia ofisini ina miguu; itamfikia.

Nimemruhusu aandike barua. Nitamwambia Kaka Jumapili kabla haijafika.

Usingizi: saa nane na nusu.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Nimekwenda. Kaka alikuwa na homa. Sikusema.

Alhamisi, 18 Aprili

Manyunyu kutwa.

Kaka amekuja saluni saa tano, mwavuli unachuruzika, barua mkononi. Kulikuwa na wateja wawili.

"Mdogo wangu, tangu lini mimi na wewe tunazungumza kwa mhuri?"

"Nilitaka kukwambia Jumapili, Kaka. Ulikuwa unaumwa."

"Kwa hiyo ukaona nipone kwa dawa hii."

"Bima ndiyo italipa. Si wewe."

"Italipa nikisema nini? Niseme nilijua. Wataniuliza, kama ulijua, mbona miaka mitatu hukutengeneza? Watakuja na mkaguzi, wataita kila mtu wa nyumba. Na Baba yupo palepale chini ya ngazi."

"Na kidole changu, Kaka?"

Akautazama mkono wangu kama aliyeuona mara ya kwanza, kisha akatazama nje.

"Nitawaambia uliteleza kwa maji. Ndivyo Baba anavyojua."

"Basi utasema uongo juu ya mkono wangu."

"Nani alianza? Nani alimwambia Mzee ni kumi na viwili?"

Akaondoka. Mwavuli akausahau. Redio hakusema chochote hadi saa sita. Kisha akasema, "Mficha maradhi, mwenzangu, unajua mwisho wake." Sikutaka methali.

Nimemjua Kaka miaka thelathini na minne. Leo nimemwona bahili. Si wa pesa, wa neno moja tu: nilijua.

Usingizi: sijui. Niliacha kutazama saa baada ya tisa.

Jumapili, 21 Aprili

Jua, kisha mvua ya ghafla. Sikwenda. Ni Jumapili ya kwanza kwa miaka mitatu kukosa kwa kutaka mwenyewe. Nani kamfulia mashuka?

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Mkaguzi wa bima atakuja kwa Kaka Alhamisi ijayo, tarehe 2. Wakili ndiye aliyeniambia.

Jumapili, 28 Aprili

Asubuhi ukungu, hakuna upepo.

Wifi amekuja kwangu. Hajawahi kuja peke yake. Nilimkaribisha chai, akaimimina mwenyewe baada ya kuniona nahangaika na birika.

"Nimemfulia mimi," akasema, kabla sijauliza. "Alisema mashuka yananuka sabuni nyingi. Nikamwambia, basi mlete binti yako."

Nikacheka bila kutaka.

Kisha akatoa kwenye mkoba pakiti ya karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na misumari ya inchi nne, imeanza kushika kutu.

"Kaka yako aliinunua mwaka juzi. Iko kabatini, chini ya soksi zake. Mara tatu nimemwona anatoka nayo na nyundo, anafika kwenye ngazi, anarudi. Nyundo ataisikia, anasema. Siku Mzee akienda kliniki, yeye yuko kazini. Siku yuko nyumbani, Mzee yupo kitini. Mara moja nilimkuta amekaa kwenye kipandio cha kumi analia, mtu mzima, na misumari mkononi."

Nikachukua msumari mmoja, kutu ikanibaki kidoleni.

"Mimi si damu yenu, Wifi," akasema. "Mwaka wa kwanza nilitaka kumwambia Mzee mwenyewe. Nimelelewa na baba aliyekuwa anasemwa na mke, watoto, mpaka majirani, na hakufa. Kaka yako akanikataza. Wewe nawe ukawa unaruka kama yeye. Nikanyamaza, nikabaki na sufuria zangu. Mmemgeuza baba yenu yai."

Kumbe ule usuguaji wa sufuria ulikuwa ndiyo maneno yake. Nami niliandika hapa kwamba ana roho ngumu. Sitafuta, nimeandika, imeandikwa. Ila nilikosea.

Usingizi: saa saba.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua nyepesi.

Kaka amenipigia simu. Amesema, "Nitawaambia nilijua." Amesema mara mbili. Kisha akasema ameomba mkaguzi asogeze siku, asije tarehe 2, aje tarehe 9, kwa sababu tarehe 9 Baba ana kliniki ya macho na hatakuwepo. "Wiki moja tu, mdogo wangu. Unakubali?"

Nilitazama kalenda. Tarehe 12 nimeizungushia duara. Nikafikiri, siku tatu zitatosha kama watu wakikimbia.

Nimekubali.

Usingizi: saa sita.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Kidole kimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Hakiumi. Daktari alisema kikiacha kuuma nisifurahi.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua, radi mchana. Hakuna jipya.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi imetulia, mawingu ya juu, mwanga mweupe.

Naandika yote.

Wifi aliondoka na Baba saa moja na nusu kwenda kliniki. Mkaguzi akafika saa tatu: mtu mpole, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa, na daftari lake na futi ya chuma ya kujikunja. Kaka alikuwa amevaa shati la ofisini. Alisimama chini ya ngazi mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Nilijua," alisema, hata swali halijaulizwa. "Kwa miaka mitatu. Kipandio cha tisa."

Mkaguzi akaandika. Akapanda, akapima kipandio, akakiinua kwa vidole viwili kikainuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha Baba.

"Kwa nini hukukitengeneza?"

Kaka akafungua mdomo. Na mlango wa mbele ukafunguka.

Daktari wa macho alikuwa na dharura, kliniki imeahirishwa. Wifi alisimama pale, ameshika mkono wa Baba, ananitazama kwa macho ya kuomba radhi. Mkaguzi, hana habari, akaachia futi yake ikajikunja: *chrrr, tak.*

Baba akainua kichwa.

"Nani anapima ngazi yangu?"

Kaka alikuwa amefumba macho, kana kwamba na yeye sasa ni kipofu.

"Ni mtu wa bima, Baba," Wifi akasema. "Amekuja kwa ajili ya mkono wa binti yako."

"Kipandio cha ngapi umepima, mwanangu?" Baba akauliza.

"Cha tisa, Mzee."

"Ehee." Alitembea hadi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti. "Andika, basi. Misumari ya inchi mbili mahali pa inchi nne. Makopo yangu yalikuwa yamepangwa upya. Nikachukua kwa mazoea. Nilijua siku ileile."

"Ulijua?" Kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nyundo ilimaliza kazi mapema. Mtu amepiga misumari miaka arobaini, hajui mmoja unazama kwa mapigo mangapi? Mimi kipofu, si mjinga."

"Baba, mbona hukusema?"

"Nilingoja." Alizungusha fimbo taratibu. "Nilisema, kesho mmoja wao ataniambia: Baba, kipandio chako cha tisa kinacheza. Nitacheka, nitaomba nyundo, nitakirudia. Wiki ya kwanza nikasikia mnaruka. Mwezi, mnaruka. Mjukuu wangu alipojifunza kupanda nikasikia mnamfundisha kuruka: 'hapa ruka, ruka.' Fundi akikosea huambiwa. Anayefichwa ni mgonjwa. Hapo nikajua mmeshaniweka upande gani."

Kaka alikaa chini, sakafuni kabisa, na shati lake la ofisini.

"Hata Fundi nilimuuliza," Baba akasema, bila kunielekea. "Nilimpa mlango wazi. Akaniambia masikio yamechoka."

Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika. Alikohoa, akanigeukia mimi kwa upole.

"Na wewe, dada. Ulijua kipandio ni kibovu. Kwa nini ulikikanyaga siku ile?"

Swali lilelile la wakili. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika ule wa kulia.

"Alikuwa anahesabu," nikasema. "Nilitaka asikie kumi na viwili."

Sijawahi kumwona Baba akifunika mdomo. Aliufunika kwa kiganja kizima, kiganja kile kipana chenye kovu la msumeno, na akabaki hivyo. Wifi aliingia jikoni. Sikusikia sufuria.

Kisha Baba akautoa mkono. "Basi wa kwanza kuficha ni mimi," akasema. "Na hilo liandike."

"Mzee, hilo si lazima," mkaguzi akasema.

"Liandike."

Akaliandika.

Usingizi: haukuja.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua kubwa. Mkaguzi anasema ofisi yake itajibu baada ya siku kumi za kazi. Maelezo ni mengi kuliko ilivyotarajiwa. Nimempa wakili nakala za kurasa za Machi. Sasa hakuna wa kufichwa.

Kaka alikwenda kwa mwajiri wake kuomba mshahara wa mbele. Wakamkatalia.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika mchana. Leo ndiyo duara la kalenda. Limepita saa sita usiku nikiwa macho.

Ijumaa, 24 Mei

Jua. Majani yamejaa kila pembe.

Jibu limekuja. Bima inakubali kulipa, lakini nusu, kwa sababu "mwathirika alikuwa na ufahamu wa hitilafu." Wakili alinipigia simu, ana hasira kwa niaba yangu. Anasema nusu nyingine tunaweza kuidai mahakamani, muda upo, na maelezo ya Baba yana nguvu. Nikamwambia hapana.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Hiyo waliyokata ni sehemu yangu kweli."

Akasema ataandika barua ya kufunga madai.

Usingizi: saa nane.

Jumatatu, 27 Mei

Jua, upepo mkavu.

Daktari alikigeuza kidole, akakivuta, akakiacha kirudi mahali pake. Alisema kano imejikunja na kukauka. Pesa ya bima itatosha kukinyoosha ili nishike kikombe, nifunge kifungo. Kutenga nywele, hapana.

Nilirudi saluni nikamwambia Redio. Alikuwa katikati ya kichwa. Aliendelea kusuka, machozi yanamdondokea mteja utosini.

"Sasa mwenzangu, tubadilishane," akasema. "Wewe ukae uongee kutwa, mimi nisuke kimya. Uone kazi yangu ilivyo ngumu."

Mteja akasema, "Jamani, kwani nini kinanidondokea?"

Usingizi: saa saba na nusu.

Jumapili, 2 Juni

Asubuhi anga safi, hakuna wingu. Mvua zimekwisha.

Nimekwenda kwa Kaka. Aliniona toka dirishani akaja kunipokea barabarani, jambo ambalo hafanyi. Alinipa mwavuli wake niushike, ule aliousahau saluni na Redio akamrudishia, na hakukuwa na mvua wala jua la kuuhitaji. Nadhani alitaka tu kunipa kitu.

Baba alikuwa ameketi kwenye kipandio cha nane, pembeni yake makopo ya misumari. Wifi ameyapanga kama alivyomwelekeza: mirefu kulia, mifupi kushoto.

"Fundi amefika?"

"Nimefika, Baba."

"Njoo unishikie ubao."

Nikapanda. Nikashika ubao kwa mkono wa kushoto, yeye akapapasa mahali pa msumari kwa kidole, akauweka, akapiga. Ile misumari ya kabatini, kutu na yote. Nyundo haikumaliza mapema. Nilihesabu mapigo: kumi na manane kwa msumari wa kwanza. Kaka alisimama chini akisikiliza kila pigo, kama mtu anayesubiri jina lake litajwe.

Alipomaliza akasema, "Panda."

Nikapanda hadi juu, nikashuka. Cha nne kutoka juu nilikikanyaga katikati, kwa uzito wangu wote. Hakikutikisika. Baba hakuhesabu.

Nikakaa karibu naye. Akaweka nyundo chini, akautafuta mkono wangu wa kulia, akaupata. Alikishika kidole gumba kwa vidole vyake vinene, akakipapasa toka shina hadi kucha, kiungo kwa kiungo, kama alivyokuwa anapapasa mbao mpya kutafuta kifundo.

"Kitarudi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Limekaa hapo maisha yangu yote, limeshapangwa vizuri: kitarudi tu, Baba, usijali, daktari kasema. Hata Kaka pale chini alikuwa ameinua uso, ananiangalia niliseme.

"Hapana, Baba. Hakitarudi. Sitasuka tena."

Akakipapasa tena, toka kucha kurudi shinani.

"Asante kuniambia," akasema.

Hakukiachia kidole. Tulikaa hivyo mpaka mashuka yakakauka.

Usingizi: saa saba na robo.